Homa ya mama si ya panadol

Kwetu Mbagala homa inajulikana njia yake: panadol mbili, lala, ikikataa nenda kapime malaria. Tangu mama aanze dripu za saratani ya titi, njia hiyo nimeifunga. Ndugu wananiona mkali.

Dawa zile huua seli zinazozaliana haraka. Saratani inapigwa, lakini na uboho wa ndani ya mifupa, unaotengeneza chembe nyeupe za damu, unapigwa, pamoja na utando wa mdomo na utumbo. Kwa kawaida chembe hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Zile za kupambana na bakteria, nyutrofili, zikiwa chini ya 500 kwa kila maikrolita ya damu, bakteria walioishi tumboni mwake miaka yote bila ugomvi wanaweza kupenya hadi kwenye damu. Na kwa kuwa askari hawapo, hata usaha hautungi. Pengine joto ndiyo dalili pekee utakayoiona.

Kwa hiyo themomita inakaa chini ya mto wake. Ikisoma 38.3 mara moja, au 38 ikaganda saa nzima, tunaondoka, hata iwe saa nane usiku. Bajaji ya jirani imeshapatanwa. Akifika, antibiotiki ya mshipa inatakiwa ianze ndani ya saa moja. Panadol ya nyumbani ingeshusha joto tu na kutuficha ukweli. Malaria atapimwa hukohuko, na hata ikionekana, bakteria bado watatafutwa.

Wageni sasa. Huwezi kumkataza Mswahili kumjulia hali mgonjwa, ila ndoo ya koki na sabuni viko mlangoni, na shangazi mwenye mafua alisalimia kupitia dirishani, akanuna. Mimi nahangaika zaidi na mdomo wa mama: mswaki laini, kusukutua maji ya chumvi kila baada ya chakula. Embe anakula, limeoshwa na kumenywa. Tafiti hazijaonyesha kwamba kumnyima matunda kunamkinga.

Juzi kaka akauliza kwa nini tusimnunulie tu antibiotiki dukani awe anakunywa kabisa. Za kinga zipo, lakini huandikwa na daktari, hasa kwa wanaotarajiwa chembe zao kukaa chini zaidi ya wiki, kama wenye saratani ya damu. Mama hajaandikiwa. Kaka nimemtuma akanunue betri za themomita.