Kibandiko cha mlangoni

Tangu mama ahamie kwetu tuko sita, na gari letu, Toyota IST, haitutoshi hata kwenda kanisani, sembuse Moshi Desemba. Toyota Premio naipenda inavyotulia barabarani, lakini viti ni vitano, basi. Ndiyo maana siku hizi nawinda Toyota Wish ya viti saba, injini ya 1.8, toleo la kwanza, yenye gia boksi ya otomatiki ya kawaida ambayo mafundi wa mtaani wanaimudu. Spea zake Kariakoo hazisumbui.

Leo alfajiri nimeenda na fundi wangu kwenye yadi moja ya magari kuangalia ya 2006, rangi ya fedha. Dalali akatupokea kwa "bosi" nyingi. Fundi hakumjibu, akaweka kiganja juu ya boneti. Ya moto, na hata saa moja ilikuwa haijafika! Injini za 1ZZ kama ya Wish hii, hasa za miaka ya mwanzo, zina sifa ya kula oili, na moshi wa bluu ukitaka kuuona, washa injini ikiwa imelala, bado ya baridi. Aliyeiwasha kabla yetu anaijua kazi yake.

Bodi haikuwa na neno, sumaku ilishika kila tulipogusa, yaani ni bati tupu, hakuna palipozibwa kwa puti. Dashibodi ilisoma kilomita 86,000. "Za Japani kabisa hizo, bosi." Nilipofungua mlango wa dereva hadi mwisho nikaona kwenye fremu kibandiko kidogo cha kubadilisha oili, kimepauka, muosha magari hakukifikia. Kijapani sikijui, ila tarakimu ni zetu sote: 27.6.8, na chini yake 112,400. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao, na mwaka wa kwanza wa enzi ya Heisei ni 1989, kwa hiyo 27 ni 2015. Yaani toka mwaka huo gari limekuwa likirudi nyuma. Nikamwonyesha dalali. Akasema labda kibandiko ni cha gari jingine.

Kilomita zenyewe haziniumizi. Toyota iliyotunzwa ikifika 112,000 bado ina maisha, na ningeilipia bila kinyongo. Lakini mtu akishachezea dashibodi, nitaaminije alichoniambia kuhusu gia boksi?

Tena Wish yenyewe imeanza kunitoka moyoni. Jana jirani alituazima ya kwake tuijaribu. Watoto walienea siti ya nyuma kabisa, ila ikishanyanyuliwa, buti linabaki la mifuko miwili ya sokoni, na Moshi haturudi bila mikungu ya ndizi. Mama na goti lake alishika mlango, akainama, akasita. "Mwanangu, hili gari la kuingia kwa kupiga magoti?" Yeye anataka Toyota Noah, mlango wa kusukuma, unapanda umesimama wima. Kwa bajeti yangu Noah nitakayopata itakuwa imechoka kuliko Wish, lakini goti ni lake.

Jumamosi tunakwenda naye Tabata kuona moja ya mtu binafsi. Nimeshampigia mwenye gari: asiiwashe mpaka tufike.