Chakula cha mama kilivyofika Francistown

Kitu cha kwanza kutolewa kwenye friji ya gari letu pale Kazungula, mpakani mwa Zambia na Botswana, kilikuwa samli. Mama aliichemsha mwenyewe nyumbani Kongwa, akaijaza kwenye kopo la maziwa ya unga na kulifunga kwa kitambaa. Mkaguzi wa mifugo alifungua, akanusa, akafunga tena, akaliweka kopo pembeni. Ikafuata nyama kavu, kilo nne, vile vipande virefu vya kuanikwa juani kwa chumvi. Zikafuata zabibu za Mpunguzi, karanga mbichi na kiroba cha ubuyu wenye mbegu zake. Mama alihangaika wiki mbili kuandaa mzigo ule kwa ajili ya mjukuu ambaye hakuwa amemwona hata kwa picha nzuri. Niliwekewa karatasi mbele yangu nisaini kwamba vyote vitateketezwa. Nikasaini huku machozi yananitoka.

Hiyo ilikuwa Agosti 2022. Mdogo wangu anafanya kazi Francistown, Botswana, na wifi alikuwa amejifungua miezi mitatu kabla. Nauli ya ndege kwa watu wanne ilitushinda, lakini mume wangu alikuwa na Coaster kuukuu aliyoing'oa viti, akaweka vitanda viwili, jiko la gesi na friji inayotumia betri ya gari. Tukaondoka Dodoma kupitia Mtera na Iringa, tukalala Makambako, tukavuka Tunduma, tukaikata Zambia mpaka Livingstone. Tulikuwa tunapika wenyewe na kulala humo humo. Mpaka wa kwanza tuliulizwa kama tuna bidhaa za biashara, tukajibu hatuna. Kwa akili yetu chakula cha kula wenyewe hakikuwa mzigo, kwa hiyo hatukukitaja. Kosa lilianzia hapo, na lilikuwa letu.

Kazungula walituuliza swali kwa namna nyingine: kuna nyama, maziwa, matunda au mbegu ndani ya gari? Tulijibu ndiyo, tukafungua friji. Kwa sababu tulisema wenyewe, hatukutozwa faini, vitu vilichukuliwa tu. Baada ya hapo tukaambiwa tushuke na viatu vyote, hata vile vilivyokuwa chini ya kitanda. Kila kiatu kilikanyagishwa kwenye sponji lililoloweshwa dawa, pamoja na vindala vya mwanangu, na gari likapitishwa taratibu kwenye kidimbwi cha dawa ili matairi yalowe.

Kesho yake tukapata pigo la pili. Tulinunua nyama ya ng'ombe Kasane, dukani, na risiti tukapewa. Tukashuka kusini kupitia Nata, tukasimamishwa kwenye geti la mifugo la Dukwi. Nyama mbichi ile nayo ikabaki hapo. Nilihamaki kweli. Nyama ya Botswana, imenunuliwa Botswana, inakwenda kuliwa Botswana, kosa liko wapi?

Mdogo wangu ndiye aliyenielewesha tulipofika. Upande wa kaskazini, kule Chobe, kuna nyati wengi, na nyati anaweza kubeba virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo bila yeye kuonekana mgonjwa. Botswana inauza nyama ya ng'ombe mpaka Ulaya, na soko hilo linadai maeneo yenye ugonjwa yatenganishwe na maeneo safi. Ndiyo maana nchi ile imekatwa na nyaya za uzio wa mifugo, nyingine za tangu miaka ya 1950, na barabara inapopita kwenye uzio wanaweka geti. Kwa hiyo nyama mbichi inaweza kuwa halali Kasane na isiwe halali kilomita mia tatu na kitu mbele yake. Ikipikwa ikaiva, inapita.

Nilipomweleza mama kwa simu alikaa kimya muda mrefu. Nikajaribu njia nyingine: "Mama, unakumbuka mnada ulivyofungwa kwa karantini, baba akarudi na ng'ombe wake nyumbani?" Akasema, "Kumbe ni karantini! Mbona hukusema hivyo tangu mwanzo?" Mtu wa Kongwa haelezwi karantini mara mbili. Aliyeishi na ng'ombe ameshaona kwato zinavyochubuka na mate yanavyochuruzika, na anajua boma moja likiugua kata nzima inafungiwa.

Safari ya pili ilikuwa Agosti 2024, na nilianza kujiandaa miezi mitatu kabla. Nataka nieleze vizuri hapa, kwa sababu wengi wanaoniuliza wanadhani kuna ujanja wa kupanga vitu ndani ya gari visionekane. Gari la kulala ndilo linalokaguliwa zaidi, maana kila mkaguzi anajua lina friji na makabati.

Nilianza vibaya. Nilibeba sampuli za vyakula vyangu nikaenda kwa wakaguzi wa afya ya mimea kuomba cheti, nikaulizwa kibali cha kuingiza kutoka Botswana kiko wapi. Sikuwa nacho. Dada aliyenihudumia alinifafanulia kwa upole kwamba cheti cha usafi wa mimea kinaandikwa kufuata masharti ya nchi unakokwenda, kwa hiyo lazima masharti yaje kwanza. Anayeanza ni mpokeaji. Mdogo wangu akaenda wizara ya kilimo kule kwao, akaomba kibali kwa kutaja kila kitu kwa jina na uzito, akanitumia picha kwa WhatsApp na baadaye nakala kamili. Ndipo nikarudi na mzigo wenyewe, ukakaguliwa, nikapewa cheti.

Katika kukagua nilijifunza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria maisha yangu yote. Yule dada alichukua karanga moja mbichi, akaipasua katikati kwa ukucha, akanionyesha kile kichipukizi kidogo kilichojibanza kwenye ncha. "Hii ni mbegu, mama. Ukiiweka ardhini inaota, na ugonjwa uliomo unaota nayo." Akachukua ya kukaanga, akaipasua pia: kichipukizi kimekuwa cha kahawia, kimekufa. Kwa hiyo karanga zote tulizikaanga. Ubuyu wenye mbegu tuliuacha, tukachukua unga wa ubuyu uliochekechwa. Mlenda mkavu, ule Wagogo wanaouita ilende, ulikuwa umetwangwa tayari. Uwele ulikwenda ukiwa unga. Zabibu tulibeba zilizokaushwa, na hizo mbichi tulizila njiani zikaisha kabla ya Tunduma, tukaosha na beseni lake. Tunda bichi ndilo linalobeba mayai ya inzi wa matunda. Sisi wenye maembe tunamjua vizuri huyu inzi aliyetoka Asia, aliyegundulika Afrika Mashariki mwaka 2003: embe kwa nje limenona, ukilikata ndani kuna funza.

Kila kitu nilikifunga kwenye mfuko unaoonyesha ndani, nikaandika kwa Kiingereza jina na kilo, yakiwa yale yale yaliyo kwenye cheti. Vyote nikaviweka kwenye kasha moja karibu na mlango, karatasi juu yake. Makabati mengine yalibeba masufuria na nguo tu. Friji ilikuwa na maji ya kunywa.

Nakonde, upande wa Zambia ukivuka Tunduma, nilimwambia afisa mwenyewe, kabla hajauliza, kwamba nina chakula na nakwenda nacho Botswana. Alisoma cheti, akatazama kasha, akaturuhusu. Pale wanafanya kazi chini ya paa moja: ukitoka Tanzania unavuka kwanza, halafu wa kukutoa na wa kukupokea unawakuta jengo moja upande wa Zambia. Kazungula nako ni hivyo hivyo, na tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2021 hakuna tena kungoja pantoni.

Moyo ulinidunda tuliposhuka upande wa Botswana. Mkaguzi, kijana mwingine safari hii, alifungua kasha, akalinganisha mfuko mmoja mmoja na karatasi. Kwenye mlenda alisimama. Akaukoroga kwa kijiti, akauliza unaliwaje. Nikamweleza kwamba unachemshwa na magadi, unavutika, unaliwa na ugali. Akacheka, akasema kwao pia wana mboga ya kuvutika, bibi yake anaipenda. Akapiga mhuri. Viatu vililoweshwa, matairi yalioshwa, tukaondoka. Kasane hatukununua nyama mbichi hata robo. Dukwi waliangalia friji wakatupungia mkono.

Nyama kavu na samli ya mama havikuwemo, na hilo lilimuuma. Hakukubali yaishie hapo. Alimwomba mjukuu wake wa Kongwa amrekodie sauti ndefu ya WhatsApp, dakika kumi na moja, akimweleza wifi jinsi ya kuchana nyama kufuata nyuzi zake, chumvi kiasi gani, ianikwe wapi isipate vumbi, na siagi ichemshwe mpaka povu litulie na chini pawe na rangi ya dhahabu. Tulinunua nyama na siagi Francistown kwenyewe. Agosti kule ni kukavu kama Dodoma. Siku ya nne nyama ilikuwa tayari. Usiku ule wifi alisonga ugali wa uwele, akapika mlenda kwa karanga, akachemsha vipande vya nyama kavu na kuvimwagia samli. Mdogo wangu alikula tonge la kwanza, akaweka mkono usoni, hakusema kitu. Mtoto, ambaye wakati huo alikuwa na miaka miwili, alivuta mlenda kwa vidole mpaka ukamfika kwenye nyusi.

Siku mbili kabla ya kurudi, wifi alileta mfuko wa phane, wale viwavi wa mopane waliokaushwa, zawadi ya mama. Nilimshukuru, nikamwomba auweke mezani kwanza, nikachukua simu kumuuliza yule dada wa Dodoma zinahitaji karatasi gani kuingia Tunduma.