Kumwandikia mtoto vita vya Goma

Hadithi ya mtoto wa Goma, mashariki mwa Kongo, mwaka 1996 huharibikia kwenye vitu vidogo. Mji ulitekwa mwanzoni mwa Novemba, na nchi iliitwa Zaire hadi Mei 1997. Basi usimpe mama faranga za Kongo, zilikuja 1998. Sokoni analipa kwa zaire mpya, fedha ya wakati huo.

Mimi ningeanzia kwenye maji. Bidoni (dumu) ya lita 20 ikijaa ina kilo 20, mtoto wa miaka minane haiwezi. Mpe ya lita 5, kifuniko kimepotea, mdomo umezibwa kwa gunzi la mahindi. Anapanda kutoka ziwani juu ya mawe ya volkano, maji yanamchuruzikia mgongoni. Risasi zikilia, anaikumbatia bidoni kwanza, ndipo anakimbia. Hofu iweke hapo, si kwenye hesabu ya maiti.