Acha Matawi ya Chini

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Tafakari ya juma hili nilikuwa nimeipanga iwe juu ya taa za mti wa Krismasi na lile neno la Yohana kwamba nuru yang'aa gizani. Nusu ukurasa nilishaandika. Jumamosi ikaja ikanivurugia.

Kwetu mti wa Krismasi hatununui. Baba alipanda misonobari nyuma ya nyumba kabla sijaanza shule, na kila juma la tatu la Majilio tunaingia pale na msumeno, ukoo mzima. Mdogo kuliko wote huchagua mti, Baba hukata, sisi wengine tunaubeba tukiimba mpaka sebuleni. Mwaka huu mgongo wa Baba umegoma. Aliketi kwenye kiti chake kibarazani, akaniambia nimpe msumeno mwanangu wa kwanza, wa miaka 14. "Naye aonje," akasema.

(Najua wapo wanaopinga mti wa Krismasi watakaonitumia Yeremia 10, mti uliokatwa mwituni na kupambwa kwa fedha na dhahabu. Endeleeni mpaka aya ya 5, mtaona nabii anasema habari za sanamu, kitu kisichonena wala kutembea, mpaka kibebwe. Sisi mti wetu hatujawahi kuusujudia. Tunaugombania tu.)

Sasa, Baba ana sheria moja: usikatie chini. Msumeno unapita juu ya mzunguko wa mwisho wa matawi, ili kisiki kibaki kimevaa matawi yake manne matano. Nikiwa mtoto nilidhani ni uvivu wa kuinama. Kumbe msonobari ukiukata usiuachie hata tawi moja lenye majani mabichi, kwa kawaida kisiki kinakufa. Ukiuachia matawi ya chini, majani yanaendelea kuilisha mizizi, na baada ya muda tawi moja au mawili yaliyokuwa yamelala yanaanza kujipinda kuelekea juu, taratibu, mpaka yanasimama. Baba huchagua lililonyooka, mengine huyapogoa, na baada ya miaka kadhaa kuna mti mwingine juu ya mizizi ileile. Kipo kisiki pale kimetupa miti mitatu ya Krismasi. Ukikipapasa unayahesabu makovu.

Mwanangu hakuijua sheria hiyo. Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia, nami nilikuwa nimesimama pembeni nafumua waya za taa zilizojisokota. Nilipogeuka alikuwa amelala kifudifudi, shavu karibu na udongo, anakata mwisho kabisa wa shina. Mti ukaanguka. Kikabaki kisahani cheupe ardhini, utomvu unachuruzika, hakuna tawi hata moja.

Nikamwambia, mbele ya binamu zake wote: "Wewe kichwani hamna kitu. Kila ninachokupa unaharibu."

Akauweka msumeno chini polepole. Akasema, "Samahani, baba. Nilitaka uwe mrefu, Babu afurahi." Akaingia ndani.

Nikapita kibarazani nikiburuta mti, bado nafoka. Baba akanitazama akaniuliza swali moja tu: "Na wewe umekatia wapi?"

Wapendwa, nimekuwa nikihubiri Isaya 11 kila Majilio. "Basi litatoka chipukizi katika shina la Yese." Tunaianzia hapo kwa sababu ni tamu. Lakini rudini nyuma aya mbili tu, mwisho wa sura ya 10, mkaone msitu ukifyekwa kwa chuma na Lebanoni ikianguka. Shoka linatangulia, chipukizi linafuata. Na mwenye shoka ni Bwana mwenyewe. Alikuwa na kila sababu ya kung'oa. Nyumba ya Daudi ilikuwa imeoza juu mpaka chini, na nabii hata jina la Daudi halitaji, anashuka mpaka kwa Yese, baba yake Daudi, mwenye kondoo, kana kwamba ule ufalme wote wenye taji umeshaondolewa kimebaki kipande cha chini. Lakini kimebaki! Huko nyuma, katika sura ya 6, alishasema mbegu takatifu ndiyo shina lake. Mungu anapokata, anajua anachokiacha.

Mimi sikuacha kitu. Nilikata mpaka udongoni.

Na ninajua siko peke yangu, kwa hiyo leo mnivumilie. Baba unayeniandikia kwamba mwanao hapokei simu yako, kumbuka ulimwambia nini siku ile. Wazee wa kanisa, binti alipokosea tulimtenga, na tulifanya sawa kwa kanuni, lakini nani alimtembelea baada ya pale? Tulimwachia tawi gani? Mtu anaweza kukemewa na akaishi. Kinachomuua ni kuambiwa kwamba yeye ndiye kosa lenyewe. "Umekosea hapa" ni msumeno uliopita juu ya matawi. "Wewe ni bure" umepita chini ya yote. Paulo aliwaonya akina baba juu ya watoto, "wasije wakakata tamaa," na Kiswahili chetu hakikukosea kuiita hali hiyo kukata. Ukimfikisha mtoto hapo umemwondolea jani la mwisho, halafu unashangaa hachipui.

Ayubu anasema mti una matumaini, ukikatwa utachipuka tena. Nimelishika neno hilo juma zima kwa hofu, kwa sababu kile kisahani cheupe kule nyuma nakipita kila asubuhi.

Ninyi mliokatwa hivyo na mzazi, na mchungaji, na mume, nisikilizeni pia. Yule aliyetoka katika shina la Yese alitundikwa juu ya mti, naye anajua kukatwa kuliko sisi sote. Imeandikwa juu yake kwamba mwanzi uliopondeka hatauvunja. Msikae mkisubiri aliyewakata aje awaombe radhi ndipo mwinuke. Pengine haji. Tawi lililolala halimsubiri mwenye msumeno, linafuata nuru.

Usiku ule nilikwenda chumbani kwake. Nikamwambia kosa la kwanza lilikuwa langu, sheria sikumfundisha, na kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko la mti. Nikamwomba msamaha. Akasema "sawa" akiwa ameelekea ukutani. Mlio na vijana wa umri huo mnaijua ile "sawa".

Mti tuliupamba bila yeye. Kila mtoto ana pambo lake, la kwake ni nyota ya karatasi ngumu aliyoikata akiwa na miaka 5, gundi yake imeshageuka njano. Mpaka naandika haya iko kwenye boksi, na nimewakataza wengine wasimtundikie.

Jambo dogo la mwisho. Mti uliokatwa ukiwekwa majini hunywa sana siku za mwanzo, zaidi ya lita moja kwa siku, na ndoo ikikauka utomvu huziba mdomo wa shina, hata ukiongeza maji baadaye hauyanywi vizuri. Kwetu ni kazi yangu kuamka na kujaza. Jumatatu nilichelewa kuamka, nikakimbilia sebuleni nikijua nimeshaharibu. Nikainama chini ya matawi nikachovya kidole.

Ndoo ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, na sakafuni kulikuwa na alama za nyayo zenye maji zikielekea chumbani kwake.