Nilivyokusanya kumbukumbu za uwanja wa zamani kabla haujabomolewa

Swali langu la kwanza kwa kila msimuliaji lilikuwa "Ulikuwa unakaa wapi?" Mwaka niliuacha usubiri. Aliyehudhuria mechi miaka nenda rudi huchanganya misimu, ila geti aliloingilia na jukwaa alilozoea havimpotei. Kwa hiyo kazi yote niliijenga juu ya ramani.

Nilichapa mchoro wa uwanja kwenye karatasi ya A3 na kuugawa katika maeneo yenye namba: mageti, madirisha ya tikiti, majukwaa, mabenchi ya akiba, vyumba vya kubadilishia nguo, hata ukuta wa nje uliokuwa ukiparamiwa na watoto. Msimuliaji anaweka alama ya penseli mahali pake, na namba ya eneo inaingia kwenye jina la faili la sauti yake, mfano E07_S012, ambapo E07 ni eneo la 7. Ukizipanga faili kwa jina, simulizi zote za geti moja zinakaa pamoja.

Nawapendelea wafanyakazi kuliko mashabiki. Shabiki atakusimulia goli, lakini mtunza nyasi ndiye anayejua kona ipi ilituamisha maji na mechi ikaahirishwa. Tena uwanja si wa mpira tu. Estadio Nacional wa Santiago, Chile, uligeuzwa kambi ya wafungwa baada ya mapinduzi ya Septemba 1973, na sehemu ya majukwaa yake ya zamani ya mbao imehifadhiwa kama ukumbusho. Uliza basi pia habari za mikutano, ibada na misiba.

Rekodi mtu mmoja mmoja. Kwenye kundi, mwenye sauti kubwa husimulia na wengine huitikia, na mwishowe wote wameliona goli lile lile kutoka upande ule ule. Nilitumia WAV, faili ya sauti isiyobanwa, ya 48 kHz, biti 24, maiki sentimita 20 hivi kutoka mdomoni, kilele cha sauti kisizidi desibeli -12. Feni na friji zizimwe, kwani mvumo wake ukisafishwa baadaye huharibu na sauti ya mtu. Ridhaa iandikwe kabla ya kurekodi: nani atasikiliza, na jina litajwe au lifichwe.

Picha nilizipiga skani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) katika TIFF, faili ya picha isiyopoteza ubora, zile ndogo kwa 1200, mbele na nyuma, maana mihuri ya studio huwa mgongoni. Picha iliyogandia kwenye albamu usiibandue, skani ukurasa mzima. Kwa negativu, tazama mabango ya matangazo: herufi zikisomeka kinyume, umeigeuza.

Halafu ndipo miaka inapokaguliwa. Akikuambia refa alitoa kadi nyekundu 1965, mwaka huo si wake, kwa sababu kadi zilianza kutumika Kombe la Dunia la 1970. Idadi ya watazamaji nayo huvimba, japo si uongo kila mara. Fainali ya Kombe la FA la Uingereza uwanjani Wembley mwaka 1923 ina hesabu rasmi ya 126,047, lakini makadirio mengi yanavuka 200,000 kwa kuwa watu walipanda kuta. Ninaandika zote mbili. Maneno ya msimuliaji siyagusi, sahihisho linakaa pembeni pamoja na tarehe ya gazeti.

Kinachosahaulika zaidi ni vipimo vya ardhi. Ayresome Park ya Middlesbrough sasa ni nyumba za watu, lakini mahali Pak Doo-ik alipopiga goli la Korea Kaskazini dhidi ya Italia kwenye Kombe la Dunia la 1966 pana alama ya shaba. Alama kama hiyo inahitaji vipimo. GPS ya simu hukosea mita kadhaa, kwa hiyo pima kwa utepe kutoka vitu visivyobomolewa, kama pembe ya jengo jirani au makutano ya barabara, hadi kila kona ya kiwanja na hadi katikati. Umbali kutoka vitu viwili unatosha kupata nukta, mradi uandike iko upande gani. Umbali wa tatu ni wa kuhakiki: usipoangukia kwenye nukta ile ile, utepe ulilegea, rudia kupima kabla mashine hazijaingia.