Jinsi nilivyojua kama kitabu changu ni toleo la kwanza kweli

Nina kitabu cha kumbukumbu za mwandishi mmoja wa miswada ya filamu wa Hollywood, kilichotoka miaka ya 1980. Ukurasa wa hakimiliki unasema ni chapa ya kwanza, na safu ya namba, ile inayoonyesha ni chapa ya ngapi, inashuka hadi 1. Lakini mkononi kilikuwa chepesi mno, na karatasi zake zimegeuka rangi ya chai.

Nililinganisha na picha za wauzaji mtandaoni, zote zilifanana. Kukipima kwenye mizani hakukusaidia, sikuwa na nakala ya pili. Nikatazama pembe ya ndani ya jalada la karatasi, panapochapwa bei. Hapakuwa na bei. Wapo wanaoikata wakitoa zawadi, ila pembe yangu ilikuwa nzima. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Kilichomaliza ubishi: nilivua jalada la karatasi kabisa, nikazima taa, nikalaza tochi ya simu karibu na jalada gumu la nyuma ili mwanga upite ubavuni. Chini, karibu na mgongo, kikajitokeza kibonyeo kidogo cha mviringo, kisicho na wino. Kidole changu kilikuwa kimekipita mara kumi! Ndiyo alama ya matoleo ya klabu za vitabu za Marekani, yaani nakala za bei nafuu zilizochapwa kwa ajili ya wanachama, matoleo ambayo wakati mwingine yalibeba ukurasa wa hakimiliki wa mchapishaji kama ulivyo.

Basi, si toleo la kwanza. Sasa nakisoma bila kuogopa kukunja kurasa.