Foleni ya pasipoti
Leo kwenye foleni ya pasipoti Nyayo House, Nairobi, mzee mmoja kaniuliza, "Kijana, unajua chini ya jengo hili kulikuwa na nini?" Najua, mzee wangu: vyumba vya mateso. "Na nani alifungwa kwa hayo?" Nikakosa jibu, nikamsimulia ya Hissène Habré wa Chad, aliyetawala 1982 hadi 1990. Watu wake walifunika bwawa la kuogelea kwa zege, wakaligeuza jela. Bwawa, jamani! Manusura walimwandama miaka nenda miaka rudi, hadi mwaka 2016 mahakama maalumu kule Dakar, Senegal, ikamfunga maisha kwa unyama huo. Majaji Waafrika, si mahakama ya kimataifa ya Hague. Akafa 2021 akiwa bado mfungwa. Fidia ya waathiriwa ndiyo imekuwa kizungumkuti.